Tahadhari: Usiendeshe Majaribio Kabla ya Kufungua .env

Umekabidhiwa mfumo wa Laravel. Aliyeuandika ameshaondoka, mafaili umepewa kwenye fleshi, zipu nzima kama ilivyotolewa kwenye seva, na bosi anataka marekebisho kabla ya Ijumaa. Kama ulikuwa unakaribia kuandika php artisan test, simama hapo. Amri hiyo inaweza kufuta majedwali yote ya wateja kwa sekunde chache.

Hatari iko hivi. Faili la majaribio likitumia RefreshDatabase, Laravel huanza kwa kuangusha majedwali yote na kuyajenga upya yakiwa matupu. Hiyo ndiyo kazi yake, na huifanya kwenye hifadhidata yoyote iliyoelekezwa. Kwa matoleo kadhaa ya nyuma, phpunit.xml ya mradi mpya ilikuja na mistari miwili ya kupeleka majaribio kwenye SQLite ya muda, lakini ikiwa imezimwa. Asipoiwasha mtu, majaribio hufuata .env. Na .env iliyokuja ndani ya zipu ni ya seva: ina anwani halisi, nywila halisi, funguo halisi za SMS na malipo. Folda iko kwako, kitovu bado hakijakatwa.

Usitegemee kuulizwa kama una uhakika. Laravel huuliza pale mazingira yanapotajwa kuwa production. Wakati wa majaribio kwa kawaida hutajwa testing, kwa hiyo hufuta kimya kimya.

Mtego wa pili ni faili la bootstrap/cache/config.php. Likiwapo, mipangilio husomwa humo. Utabadilisha .env, utarekebisha phpunit.xml, utajiona salama, kumbe mfumo bado unaishika hifadhidata ya zamani.

Fanya haya kwa mpangilio huu, kabla ya amri nyingine yoyote:

1. Ondoa .env kwenye folda ya mradi. Tengeneza mpya kutoka .env.example: DB_HOST iwe 127.0.0.1, hifadhidata iwe mpya na tupu, MAIL_MAILER (MAIL_DRIVER kwa matoleo ya zamani) iwe log. Sehemu za funguo za SMS na malipo ziache wazi.

2. Futa bootstrap/cache/config.php kwa mkono. Usitumie artisan kulifuta, maana artisan yenyewe huuwasha mfumo kwanza.

3. Sakinisha kwa composer install, kamwe si composer update, ili upate matoleo yaliyoandikwa kwenye composer.lock. Upande wa JavaScript tumia npm ci --ignore-scripts. Vifurushi vya npm vinaweza kuendesha amri zake wakati wa kusakinishwa, kwa mamlaka yako wewe. Septemba 2025, programu hasidi iliyoitwa Shai-Hulud ilipita mlango huo huo: iliiba tokeni za wasanidi, kisha ikazitumia kujisambaza kwenye vifurushi vyao wenyewe.

4. Washa ile mistari miwili ya SQLite kwenye phpunit.xml.

5. Vifurushi vikishaingia, zima Wi-Fi, chomoa na waya wa mtandao, ndipo uendeshe jaribio la kwanza. Likilalamika kwamba limeshindwa kufikia seva fulani, umeshaiona kamba iliyobaki. Ikate kabla hujarudi mtandaoni.

Kama umeshafuta majedwali ya wateja, usijaribu kuficha wala kurekebisha peke yako. Simamisha mfumo usiendelee kupokea data, usiguse kumbukumbu za binlog za MySQL, na mwite msimamizi wa seva dakika hiyo hiyo. Usiseme tu kwamba nakala rudufu zipo, zifunguliwe zionekane. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya akiba. Walipokimbilia nakala za kila siku, wakakuta zilikuwa zikishindwa kutengenezwa bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla. Data ya saa hizo sita ilipotea.

Nawe unayekabidhi mradi: usitume zipu yenye .env. Kama umeshaituma, badilisha nywila na funguo zote leo. Fleshi ile imeshapita mikono usiyoijua.