Nani Ameinama Kutazama Chini ya Gari Lako?

Ndugu yangu mwenye gari, yule fundi aliyekuwekea spesa juu ya springi alikuambia breki zako zitafanyaje kazi kuanzia siku ile?

Hakukuambia. Na wewe hukumuuliza. Uliona gari limenyanyuka, halisugui tena kwenye tuta la mtaani kwenu, ukamlipa, ukaondoka umefurahi.

Nimechoka na furaha ya namna hiyo.

Sikulaumu kwa kutaka gari lipite. IST ilitengenezwa itembee kwenye lami ya Japani, nawe unaipandisha Goba masika, barabara imechimbika hadi mawe yanagonga sampo. Ningekuwa wewe ningetafuta njia. Ninachokulaumu ni kugusa kitu kinachoshikilia uhai wako na wa wengine, halafu ukakaa kimya kana kwamba umebadilisha kapeti.

Chukua pikapu, zile Hilux zinazobeba saruji na viazi. Nyingi kati ya hizo zina valvu ndogo ya breki huku nyuma, imeungwa kwa kifimbo cha chuma hadi kwenye ekseli. Kazi ya kifimbo ni kupima nafasi iliyopo kati ya ekseli na bodi. Ukipakia mzigo, bodi inashuka, kifimbo kinasukumwa, valvu inaziruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Gari likiwa tupu bodi inakaa juu, na valvu inapunguza nguvu hiyo ili matairi ya nyuma yasijifunge na kuteleza.

Sasa fundi wako ameongeza majani kwenye springi. Bodi imeinuka, na kifimbo hakuna aliyekigusa. Umepakia tani nzima, lakini valvu inaamini gari ni tupu! Breki za nyuma zinapata nguvu ya gari tupu. Unashuka mlima wa Kitonga na mzigo huo, breki za mbele ndizo zinazohangaika zaidi, zinachemka, zinaanza kunuka. Ukifika kwenye kona na pedali imelainika, utamlaumu nani? Shetani wa Kitonga?

Gari dogo nalo lina mambo yake. Ukiliinua, uzito wake unapanda juu, na kwenye kona ya ghafla linalala kuliko zamani. Shafti za mbele zinafanya kazi kwa pembe kali zaidi. Mipira ya breki inavutwa kila tairi linapodumbukia shimoni. Taa zinainuka na kumpiga machoni dereva anayekuja mbele yako, na wewe ndiye unayemtukana eti hajui kuendesha.

Na ninyi vijana mnaozishusha Mark X na Crown, msidhani nimewasahau. Springi iliyokatwa kwa grainda ni fupi kuliko nafasi yake. Tairi likining'inia, springi inalegea, na inaweza kukaa upande au kuchomoka kabisa kwenye kikalio chake. Mnaendesha kitu hicho usiku kwenye Barabara ya Bagamoyo kwa spidi tunayoisikia hadi vitandani mwetu.

Je, ni halali? Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu na la hatari liingie barabarani, iwe ubovu umeletwa na uchakavu au na mkono wa fundi. Huna pa kujifichia.

Shida ni nani anayetazama. Tangu mwaka 2021, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hukagua magari yaliyotumika yanapofika Dar es Salaam. Vizuri. Lakini siku hiyo gari bado lina springi lilizotoka nazo Japani. Spesa inakuja baadaye, kwenye gereji ya uchochoroni. Baada ya hapo nani ameinama?

Nimesimama kwenye ukaguzi mmoja wa stika ya usalama barabarani nikatazama kwa macho yangu. Washa taa. Piga honi. Indiketa. Kizimamoto kiko wapi? Pembetatu? Haya, stika. Mbele yangu ilikuwapo Noah ya wanafunzi, nyuma imeinuliwa kwa vipande vya mpira ili ibebe watoto wengi kuliko viti vyake. Hakuna aliyepiga goti. Ikabandikwa stika kama nyingine zote, ikaondoka.

Mwanao yumo ndani ya Noah kama ile, mzazi mwenzangu. Umelala?

Gari hilohilo lilipokuwa Japani lilikaguliwa lilipotimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, likitazamwa hadi uvunguni. Likishushwa hadi chini ya sentimita 9 kutoka ardhini, linarudishwa. Ujerumani ukifunga springi ambazo si za gari lako, huna budi kuwa na karatasi za kuthibitisha kwamba zinafaa, na ukileta hatari kwa mabadiliko yako, gari linapoteza kibali cha kutembea barabarani. Wenzetu hawakukataza kubadilisha. Walisema badilisha, kisha tuonyeshe.

Sisi tunasubiri ajali ndipo tuiname. Siku hiyo kila mtu atainama! Askari atapima alama za matairi. Mthamini wa bima ataingia uvunguni na tochi, ataiona spesa, na atauliza kwa nini hukuitaja ulipokata bima kubwa. Utamjibu nini? Kwamba ajali haina kinga? Msemo huo tumeugeuza mto wa kulalia. Ajali ya springi iliyokatwa ina kinga. Kinga yake ni mtu mmoja mwenye tochi, ubao wa kulalia na dakika 10.

Nataka kipimo kilichoandikwa: gari la aina hii linainuliwa mwisho hapa, linashushwa mwisho hapa. Nataka fundi aandike jina lake kwenye karatasi inayosema amefunga nini, na kama amerekebisha valvu, taa na alaimenti. Aliyefanya kazi safi apite bila kusumbuliwa, maana wapo mafundi wazuri, na wanaharibiwa jina na wakata springi. Nataka kila kituo cha ukaguzi kiwe na shimo au jeki ya kuinulia gari, na lisilotazamwa chini lisipewe stika.

Nawe usingoje serikali. Kesho asubuhi Noah ikija kumchukua mtoto, mwambie dereva azime injini. Inama, angalia springi za nyuma. Ukiona vipande vya mpira, mtoe mtoto, kisha mpigie simu mwalimu mkuu kabla gari halijaondoka hapo mlangoni.