Fundi, Mteja na Amana ya Kitambaa



Kila Idd inapokaribia hutufikia malalamiko ya namna mbili. Mama mmoja husema fundi alimzungusha mpaka usiku wa kuandama mwezi, na abaya alipoipata ikawa inambana kifuani. Dada mshonaji naye husema mteja aligeuza mshono kitambaa kimekwisha katwa, kisha akataka kulipa nusu. Wawili hawa ni majirani na darsa yao ni moja. Idd ikipita, hawaamkiani.

Sisi twaona kwamba aghalabu chanzo si ubaya wa mtu, bali ni neno lisilosemwa mapema. Mteja akisema ataka vazi “la heshima, lisilo na mambo mengi,” yeye ana sura yake moyoni na fundi ana yake. Kwa huyu ni nyeusi tupu. Kwa yule ni darizi mikononi pekee. Kwa hiyo fundi hodari huuliza kabla ya kushika mkasi. Vazi ni la harusi au la kila siku? Litavaliwa na viatu vya kisigino au vya chini, ili urefu ujulikane? Mkono utapandishika wakati wa kutia udhu? Kisha huchora, akamwonyesha mteja, wakakubaliana.

Makubaliano hayo yaandikwe: vipimo, mshono, bei, siku ya kujaribu na siku ya kuchukua. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yatuamuru kuandikiana deni la muda. Basi kuandikiana na jirani si kumshuku. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mteja naye ana wajibu. Aje kujaribu vazi likingali limepigwa bandi, maana hapo kurekebisha ni rahisi. Akitaka mageuzi baada ya kitambaa kukatwa, ajue hiyo ni kazi mpya yenye bei yake. Na amlipe fundi kwa wakati, kwani Mtume (s.a.w.) ametuusia mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wengi wa dada hawa hushona nyumbani usiku, watoto wamelala. Fedha hiyo ndiyo karo na ndiyo futari.

Kwa fundi twasema: ahadi ni deni. Usipokee nguo ishirini ilhali mikono yako yaweza kumi. Kumwambia mteja “sitawahi” mwanzoni mwa Ramadhani ni bora kuliko kumwomba radhi asubuhi ya Idd. Na vipande vinavyobaki ni vyake. Ni amana, mrudishie hata vikiwa vidogo.

Nguo ya Idd itachakaa. Ujirani tusiuchakaze pamoja nayo.

Wabillahi tawfiq.