Stara Inayoishia Bandarini

Nilipokuwa nikifundisha Zagayu, katika wilaya ya Itilima ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Bariadi, walimu wenzangu walikuwa na neno moja la kunichokoza kila gazeti lilipofika na habari za mashoga. "Hayo ni ya kwenu pwani, Mwalimu," walisema, na kicheko kikazunguka ofisi nzima. Zagayu ni nchi ya pamba na udongo mweusi. Bahari huko ni jambo la kusimuliwa, na mtu wa Unguja hana budi kuwa ama mganga, ama mla urojo, ama hilo jingine. Niliumia, nikajibu kama sote tunavyojibu: hayo hayakuzaliwa pwani, yameletwa na Wazungu kwa meli. Ilinichukua miaka kutambua kwamba jibu langu na uchokozi wao vilikuwa kitu kimoja. Bara hutupia pwani, pwani hutupia melini, na mwenye kutupiwa hayupo.

Basi na tuitazame hiyo meli.

Kila msimu wa kaskazi meli za matembezi hufika katika bahari yetu. Ni miji inayoelea. Januari 2024 meli ya Norwegian Dawn iliingia Dar es Salaam na watalii zaidi ya 2,000, na meli za ukoo huo ndizo ambazo bandari zetu huzingojea kwa hamu, tangu mchukuzi wa mizigo hadi waziri. Katika safari za namna hii duniani kuna desturi ambayo wengi wetu hatuijui. Wanaume wapendao wanaume, au wanawake wapendao wanawake, hujiunga kupitia wakala mmoja, wakachukua vyumba kadhaa katika meli ya kila mtu. Hawakodi meli nzima. Wanakuwa na kiongozi wao wa safari na meza yao ya chakula cha jioni, na meza ya pili wameketi wastaafu na wajukuu zao. Anayejiunga na kundi hilo hatafuti makuu. Anataka siku kumi za kula chakula chake bila jirani wa mezani kumuuliza mkewe amebaki wapi.

Kwa miaka mingi ratiba ya kila siku iliyosukumwa chini ya milango ya vyumba iliwaalika watu hao kwa maneno mawili matatu tu: Marafiki wa Dorothy, saa fulani, ukumbi fulani. Dorothy ni yule msichana wa filamu ya mwaka 1939 aliyechezwa na Judy Garland. Mwenye kujua alijua, na asiyejua aliendelea na supu yake. Sisi tuliolelewa na kanga na taarabu hatuna haja ya kueleweshwa. Hilo ni fumbo. Tungelisikia kwenye ngoma ya harusi tungelishangilia ufundi wake.

Sasa zingatieni lini watu hukasirika. Mwaka 1998 Visiwa vya Cayman viliikatalia bandari meli ya Norwegian Leeward, yenye abiria wapatao 900, kwa kuwa ilikodiwa yote na wasafiri mashoga. Mwaka 2012 meli nyingine ya namna hiyo ilipita bila kutia nanga Casablanca kama ilivyopangwa. Na sisi hatukubaki nyuma: mwaka 2003 wakazi zaidi ya 300 wa Dar es Salaam waliandamana kupinga kikundi cha watalii mashoga kutoka Marekani kilichotarajiwa kuzuru nchi. Katika kila kisa, kosa la wageni lilikuwa kwamba jina lao lilitangulia kufika. Wangelikuja wale wale, kwa idadi ile ile, wametawanyika katika vyumba vya meli ya kawaida, wangelipigiwa ngoma gatini na kuvishwa mashada. Hakuna afisa wa uhamiaji aliyeagizwa kumuuliza abiria analala na nani. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000; nani ana muda wa kuuliza?

Sisemi haya kuwashtaki maafisa. Wanafanya lililo sawa. Nasema tu kwamba adabu hiyo ya kutouliza, ambayo mgeni huipata kwa saa chache alizo nchini, ilikuwa ya kwetu kabla ya kuwa ya bandari. Jina lake ni stara.

Wazee wa visiwa hivi waliishi kwa stara. Mlango uliofungwa ulikuwa umefungwa. Katika mitaa yetu walikuwapo wanaume ambao wanawake waliwaita shoga, neno lile lile la mapenzi ambalo mwanamke humwita rafiki yake wa karibu. Wakipiga ngoma kwenye harusi, wakipamba mabibi harusi, wakijua siri za nyumba kumi na kutotoa hata moja. Sidai kwamba waliheshimiwa sana. Walichekwa, na pengine walitungiwa beti ambazo si za kusomwa mbele ya watoto. Lakini waliishi kwao, wakafa kwao, na jeneza lao lilibebwa. Wala hapakuwa na mtu aliyefikiri kwamba kuwaacha hivyo ni kubadilisha dini. Fikihi ilikuwa na hukumu yake, na wenye elimu ya fikihi wanajua ilivyoidai ushahidi wa watu wanne walioona kwa macho yao, kiasi kwamba hukumu hiyo ilibaki kuwa onyo zaidi ya kuwa chombo cha kukamatia watu. Na Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza dhana mbaya, upelelezi na usengenyaji kwa mpigo mmoja. Mimi si mwanachuoni, na halali na haramu nawaachia wenyewe. Naomba tu tuisome aya hiyo kwa sauti ile ile tunayosomea nyingine.

Kilichokuja kwa meli bila shaka yoyote ni ibara ya sheria. Maneno "kinyume na maumbile" yaliingia katika vitabu vyetu vya adhabu kwa kalamu ya Mwingereza, na huko Bara, chini ya kifungu cha 154, adhabu yake leo ni kuanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Uingereza yenyewe ilianza kuifuta ya kwake mwaka 1967. Zanzibar mwaka 2004 iliiongeza ya kwake, na kwa mara hiyo wanawake nao wakatajwa. Sasa mlango uliofungwa ukawa ushahidi.

Tangu hapo hesabu ni hii. Septemba 2006 ilipangwa sherehe ya ufukweni hapa Unguja ya kumkumbuka Freddie Mercury, ambaye angelitimiza miaka 60. Jumuiya ya Uamsho ikapinga, sherehe ikafutwa. Septemba 2017 watu 20 walikamatwa hotelini Unguja wakiwa katika mafunzo ya kujikinga na Ukimwi. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam aliwataka wananchi wampelekee majina, na hata Serikali iliposema siku chache baadaye kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, majina yalikwishaanza kutumwa. Novemba ile ile wanaume 10 wakakamatwa Pongwe. Si Tanzania peke yake: Februari 2010, Mtwapa, mji wa mahoteli, uvumi wa harusi ulitosha kuukusanya umati uliovamia kituo cha afya. Katika orodha hii yote mtafuteni abiria wa meli. Hayumo. Waliomo ni watoto wa nyumbani.

Na huyo Mercury tumwangalie vizuri, kwa kuwa ndiye anayetufedhehesha kuliko wote. Alizaliwa hapa 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake ilihama mwaka 1964, ikafika Uingereza wakati ambapo huko nako jambo hilo lilikuwa bado kosa la jela. Aliishi kwa stara yake mwenyewe. Maradhi yake aliyatangaza 23 Novemba 1991, na kesho yake akafariki. Novemba 2019 ikafunguliwa makumbusho yenye jina lake, Shangani. Mtalii analipa kiingilio, anapiga picha mlangoni, ananunua fulana. Hata kile kikundi chetu cha meza moja, kikishuka melini, kitapelekwa pale pale na mwongozaji mwenye kitambulisho cha Serikali, naye atawasimulia kwa fahari kwamba huyu ni mtoto wa Mji Mkongwe. Miaka kumi na mitatu tu baada ya kumkatalia sherehe, tumegundua kwamba maiti analipa.

Najua nitakayojibiwa. La kwanza ni kwamba mgeni huja na kuondoka, lakini wa nyumbani hubaki na kuwaharibu watoto. Anayemharibu mtoto, awe mwanamume kwa msichana au kwa mvulana, ana sheria yake, na ningependa sheria hiyo ifanye kazi katika nyumba za watu wakubwa na katika baadhi ya madrasa, ambako stara hutumiwa kufunika lisilofunikika. Kuwachanganya watu wazima wawili na dhulma ya mtoto ni kumpa mdhulumu wa mtoto mahali pa kujificha.

La pili ni zito zaidi, na linatoka upande mwingine. Kijana mmoja aliyesoma rasimu ya maneno haya aliniambia: "Babu, wewe unaililia stara kwa sababu hukulipa kodi yake. Kuishi maisha yote kwa fumbo ni kuishi nusu." Sikuwa na jibu, na sinalo hadi leo. Ni kweli kwamba wale tuliowaita shoga tuliwapenda kwa masharti ya kutuchekesha. Ni kweli pia kwamba abiria wa melini amelipa nauli kubwa ili kwa siku kumi asihitaji fumbo lolote, na kwamba siku hizi ratiba nyingi za meli zimemwacha Dorothy na kuandika wazi. Huenda stara ninayoitetea ni ya watu wa umri wangu tu. Lakini baina ya nusu ya maisha na selo ya polisi, nilidhani kisiwa cha washairi kingalijua kuchagua.

Sitaki meli zigeuzwe. Wala simtaki mtu aandamane, awe wa upande huu au ule. Nataka mwenye duka la Shangani, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi na imamu wa msikiti wetu wanieleze kwa nini mgeni mwenye tikiti anapewa kile anachonyimwa mtoto aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka bandarini.

Mtaani kwetu alikuwapo mpambaji wa mabibi harusi. Hina yake ilijulikana hadi Pemba. Baada ya Novemba 2018 alipanda boti ya asubuhi na begi moja. Wanangu wawili wa kike aliwapamba yeye. Huyu wa tatu alipambwa na mgeni kutoka Dar es Salaam, kwa bei mara mbili, na bibi yake alitazama mikono ile kwa muda mrefu bila ya kusema kitu.