Mnauziwa rangi, hamuuziwi boti

Ndugu wasikilizaji, na ninyi wahami wa vita mnaotusoma kwenye simu, leo sileti habari. Naleta lawama, na ya kwanza inanihusu mimi.

Komunike ile niliisoma mimi. Mara tatu kwa siku, siku nne mfululizo: "Boti ya mbao inauzwa, iko katika hali nzuri, pamoja na moteri yake ya nguvu za farasi 40, bei ni ya kusikilizana." Mwenye boti alilipa, nikapewa karatasi, nikaisoma kwa sauti ileile ninayosomea matangazo ya chanjo. Sikwenda kuiangalia boti yenyewe, ingawa bandari iko mwendo wa dakika 20 kwa miguu toka redio.

Walionisikia ni mamama 26 wa kikundi cha AVEC, wahami toka Masisi. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mwanzoni mwa 2024 vita ilikata barabara ya Goma na Minova upande wa Sake na Shasha. Tangu hapo gunia la mihogo, jerikani ya mafuta, mgonjwa, mwanafunzi, vyote vilibidi vipite ziwani. Mamama wale waliona sawasawa: mwenye boti anakula. Wakafungua sanduku lao, wakakopa kiasi kilichobaki, wakalipa dola 2,400. Boti ilikuwa ya buluu, rangi bado inanuka. Safari ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, karibu kufika, maji yalipanda toka chini kama chemchemi. Wavuvi wa sambaza waliokuwa karibu walikimbia na kuwatoa watu wote. Namshukuru Mungu kwa wavuvi wale. Magunia yalibaki ziwani.

Boti ilipovutwa mchangani nilienda, safari hii nilienda. Fundi mmoja muzee alichoma kisu chini ya mkuku, kikaingia mpaka kwenye mpini, bila nguvu. Akakizungusha. Kilichotoka kilikuwa kama unga wa kahawa uliolowa.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo tunadanganyana sisi kwa sisi. Kila boti ikizama tunazungumza mambo mawili: mzigo na jile. Ni kweli, mambo hayo yanaua. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti iliyotoka Minova ilizama hapa mbele ya Kituku, watu wanaiona kwa macho, na gavana wa Kivu Kusini alitangaza kwamba ilikuwa na watu 278. Hakuna mkuku unaoweza kubeba hesabu kama hiyo. Na mwezi wa 4 mwaka 2019, kisha ajali ya upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi aliamuru kila msafiri avae jile. Vizuri. Lakini jile inakusaidia ukiwa tayari majini. Mimi nauliza juu ya boti yenyewe, siku inapouzwa: nani aliinama akaangalia chini?

Tangu siku ile nimesimama bandarini mara nyingi, naangalia namna watu wanavyonunua. Wanawasha moteri. Inanguruma, wanafurahi. Wanahesabu jile. Wanasoma jina, ambalo limeandikwa upya, mara nyingi jina la Mungu. Wanabishana bei nusu saa juu ya moteri, ambayo mtu anaweza kuifungua na kuipeleka kwenye boti nyingine kesho. Kisha wanatoa makuta. Boti haijatoka majini hata dakika moja.

Mkuku ni ule mti mmoja mrefu wa chini, toka mbele mpaka nyuma. Mbavu zote zimepigiliwa juu yake, na ubao wa kwanza wa kila upande umeshikana nao. Boti ya mkuku mrefu hainunuliwi kwa mwendo wa haraka, na kugeuka inageuka polepole. Inanunuliwa kwa sababu inashika njia hata mawimbi yanapoipiga ubavuni, na kwa sababu unaweza kuivuta mchangani ikaulalia mkuku wake bila kuvunjika. Ubao wa ubavuni ukioza, fundi anautoa na kuweka mwingine. Mkuku ukioza, unajenga boti upya, na gharama yake inafika karibu na ya boti mpya. Muuzaji anajua hilo kuliko sisi wote, ndiyo maana anapaka rangi.

Watu wa pwani, kule Lamu na Zanzibar, wana adui yao: mdudu anayetoboa mbao ndani ya maji ya chumvi. Kwetu mdudu huyo hayuko, na pengine ndiyo sababu tumelala. Adui yetu ni maji ya mvua yanayokaa ndani ya boti, chini ya vibao vya kukanyagia, mahali hewa haipiti. Kuoza kunaanzia ndani, kunashuka polepole mpaka kwenye mkuku, huku nje kunang'aa. Ukipaka lami na rangi juu ya mti uliolowa, unafungia unyevu ndani, unaoza zaidi.

Kwa hiyo mama, baba, kama mnataka kununua boti ambayo imetumika, semeni hivi: itoke majini kwanza. Ikae mchangani siku mbili au tatu, ikauke. Muuzaji akikataa, rudini nyumbani na makuta yenu, amekwisha kuwajibu. Ikitoka, simameni nyuma yake mwangalie mkuku kwa jicho moja, kama vile seremala anavyoangalia ubao. Umepinda? Basi boti hiyo ilibeba kuliko nguvu zake, au ililala vibaya miaka mingi. Gongeni kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma: mti mzima unalia, mti uliooza unanyamaza. Mahali panaponyamaza, chomeni kisu. Angalieni misumari, kutu ikitiririka kwenye mbao kama machozi mekundu, msumari ule ndani umekwisha. Ondoeni vibao vya kukanyagia mnuse. Ndiyo, mnuse. Harufu ya kuoza haifichwi na rangi.

Na kabla ya yote hayo, mtafuteni kijana anayeteka maji. Kila boti inaye. Muuzaji atawapa maneno, komisionere atawapa maneno, lakini kijana wa kopo anajua anateka mara ngapi toka Minova mpaka Goma. Kama anapumzika njiani, sawa. Kama hapumziki, mmepata habari yenu kwa bei ya mandazi mawili.

Juu ya komisionere sitaficha. Mtu yule alikula kwa muuzaji na akala kwa mamama pia, pande mbili, siku moja. Na ofisi iliyotoa karatasi ya boti ile ilipima urefu, ikahesabu jile 12, ikapiga muhuri boti ikiwa bado inaelea. Nilipouliza walinijibu kwamba muhuri ni wa kibali cha kusafirisha, si wa kuchunguza mbao. Basi andikeni hivyo juu ya karatasi! Andikeni kwa herufi kubwa: "Hatukuangalia chini." Kwani mama anayeonyeshwa muhuri wa serikali anaamini kwamba serikali imeangalia, na muuzaji anautumia muhuri huo kama rangi ya pili.

Muzee mmoja mwenye boti aliniambia, "Muandishi, unataka kuua biashara. Boti zote hapa ni za zamani." Muzee wangu, kwa heshima, uzee haujamkosea mtu. Kule Tanganyika iko meli Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 wakati wa vita, lakini kwanza walipaka injini zake mafuta mazito ili zisiharibike. Ikatolewa chini ya ziwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927, ikabeba watu miaka na miaka. Ni ya chuma, najua, si ya mbao. Lakini waliozamisha meli waliitunza vizuri kuliko sisi tunavyotunza boti inayoelea. Uza boti yako ya zamani, muzee. Iuze ikiwa imelala mchangani, bila rangi mpya, na useme ubao gani ni mbovu. Bei itashuka, ndiyo. Ishuke.

Wengine wananiambia wahami hawana makuta ya kumlipa fundi. Wenye dola 2,400 za sanduku na za deni wanazo dola 20 za fundi, shida ni kwamba hakuna aliyewaambia. Mimi niliyekuwa na mikrofoni sikuwaambia. Niliwaambia "hali nzuri".

Nimeongea na wenzangu wa redio. Tangu wiki hii, mimi sitasoma tena komunike ya boti ambayo iko majini. Mwenye kuuza ailete mchangani, aseme siku na saa, nasi tutatangaza siku hiyo na saa hiyo ili mafundi na wanunuzi waje pamoja na visu vyao. Wakubwa wa redio hawajafurahi, komunike zinalipia mafuta ya jenereta. Mazungumzo yanaendelea.

Boti ya buluu ingali pale, mbavu zake zimekwisha kuchukuliwa kuni. Moteri ilitengenezwa, ikauzwa kwa bei ya chini. Mamama wanakutana kila Alhamisi chini ya hema, wanalipa deni, falanga 2,000 kila mmoja, na mwenye daftari anaita majina yote 26.