Mkanda haufundishi kusoma!

Haya wadau, leo siasa tuziweke kando. Nina donge kooni, na nisipolitoa silali.

Jumapili iliyopita nilipita kwa mdogo wangu kule Mbagala. Kabla sijabisha hodi nikasikia kilio. Ndani nikamkuta kashika mkanda, mwanawe wa darasa la tatu kajibanza kando ya kabati, kitabu kiko sakafuni. Kosa la mtoto? Kashindwa kusoma mistari minne.

"Kaka, huyu ananichezea. Ukurasa ule wa juzi anausoma wote, huu hataki!"

Nikaokota kitabu, nikafungua ukurasa wa juzi. "Haya baba, msomee baba mkubwa." Akaanza, tena kwa madaha. Nikaziba maandishi kwa kiganja. Jamani, mtoto akaendelea "kusoma" hadi mwisho wa hadithi! Kumbe kaikariri yote kwa kuwasikiliza wenzake darasani. Nilipomfungulia ukurasa mpya, neno "anapanda" likawa "anabada", kisha "anabanda", kisha machozi.

Mwili ulinisisimka, maana picha hiyo nimeshaiona. Mwaka 2006 aliyekuwa analia ni huyu huyu mwenye mkanda.

Mimi nilikuwa darasa la sita, yeye la tatu. Alikuwa anasimamishwa mbele ya darasa asome, akikwama anachapwa, halafu wenzake wanaruhusiwa kumzomea. Jina lake likawa Kilaza. Na mimi, kaka yake wa tumbo moja, nilimwita hivyo hivyo, hadi nyumbani. Leo nakula kwa kuandika, na kila nikilikumbuka hilo naona aibu. Mdogo wangu alimaliza la saba hajawahi kusoma ukurasa mmoja akauelewa. Ni fundi friji mzuri, ila akipata kazi yenye fomu ya kujaza ananipigia simu. Kazi moja ya hoteli aliiacha wiki ya pili. Kila jioni alitakiwa aandike ripoti.

Hali hii ina jina: disleksia. Si uvivu, si ukaidi, wala si upungufu wa akili. Si ugonjwa wa macho pia, kwa hiyo miwani haiiondoi. Kwa watoto wengi tatizo liko kwenye namna ubongo unavyozipambanua sauti za maneno na kuziunganisha na herufi. Wataalamu wengi hukadiria kuwa inawagusa watoto 5 hadi 10 katika kila 100. Piga hesabu darasa la watoto 80: wanne hadi wanane. Na huwa inatembea kwenye ukoo. Mdogo wangu alikuwa anamchapa mwanawe kwa kitu ambacho huenda karithi kwake mwenyewe!

Wala si habari mpya. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika kwenye jarida la British Medical Journal kuhusu kijana wa miaka 14, mwerevu, hodari wa michezo na hesabu, ambaye kusoma kulimshinda kabisa. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana yule angekuwa wa kwanza shuleni. Zaidi ya miaka 120 imepita, sisi bado tuko kwenye mkanda!

Najua kuna wasomi watakaoniambia hayo ni mambo ya Wazungu, Kiingereza chao ndicho kigumu. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, ba be bi bo bu, nani atashindwa?

Hapo ndipo tunapopotea. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science utafiti uliowalinganisha watu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Kiitaliano, kama Kiswahili, kinaandikwa karibu na kinavyotamkwa. Waitaliano wale walikosea kidogo kuliko wenzao wa nchi nyingine mbili. Lakini walipopimwa ubongo wakati wa kusoma, tofauti ilikuwa ile ile kwa wote. Maana yake lugha nyepesi kuandika haiondoi disleksia, inaifunika.

Ndivyo inavyofunikwa kwetu. Darasa zima linaimba silabi kwa pamoja, mtoto anaimba nao, mwalimu anaona mambo safi. Akibaki peke yake na neno kama "hawakututembelea", akifika "tembe" ameshasahau "hawaku". Anasoma kwa kuchechemea, tunamwita mzito. Halafu akibahatika kufika sekondari anakuta masomo kwa Kiingereza, "though" na "enough" zinafanana kwa macho na hazifanani kwa sikio. Hapo anazama kimya kimya.

Sisemi kila asiyejua kusoma ana disleksia. Wapo wasioona ubaoni, wasiosikia vizuri, wanaosoma na njaa, waliokuja shule hawajui Kiswahili. Wapo wenye ugumu wa lugha yenyewe: ukimpa maagizo matatu anashika moja, ukimsimulia kisa hakirudishi. Wa hivyo huitwa wajeuri, na huo nao si ujeuri. Ndiyo maana mtoto anatakiwa kuchunguzwa kwanza, na kuchunguza kunaanza na kumsikiliza akisoma peke yake.

Kuhusu fimbo, kanuni za nchi hii za adhabu ya viboko shuleni zinazungumzia makosa makubwa ya nidhamu. Kuchanganya "b" na "d" ni kosa gani la nidhamu? Mimi fimbo siipendi hata kwa nidhamu, lakini hata anayeipenda hana pa kujificha hapa.

Na tafadhali msiniletee habari za Einstein, eti watoto hawa wote wana vipaji vya ajabu. Wengine wanavyo, wengine ni watoto wa kawaida kama mimi na wewe. Mtoto hatakiwi kuwa bingwa wa kuchora ndipo asipigwe. Filamu ya Kihindi ya Taare Zameen Par ya mwaka 2007 wengi tuliililia, lakini tusisubiri kila mtoto aibuke na kipaji kama yule wa kwenye filamu.

Dawa ya kumeza hakuna, ila kufundishika wanafundishika. Ni sauti moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, kwa kurudia sana. Mtoto aione herufi, aitamke, aichore mchangani kwa kidole. Andika silabi kwenye vizibo vya soda, aunganishe na kutenganisha maneno marefu. Mpe muda zaidi kwenye mtihani, msomee maswali ya hesabu ili upime hesabu kweli. Usimlazimishe kusoma mbele ya darasa. Katika hayo, lipi linahitaji mfadhili? Kinachohitaji bajeti ni kuwafundisha walimu kuitambua hali hii, na kupunguza msongamano ili mwalimu apate nafasi ya kumsikiliza mmoja mmoja. Hilo ni deni la serikali, na nitalidai.

Mdogo wangu alinisikiliza kimya. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo kaka, na mimi sikuwa mjinga?" Ana mke na mtoto, na swali hilo amelibeba tangu 2006. Sikuwa na jibu zaidi ya kumwomba radhi.

Shule imeshauri mtoto arudie darasa, yaani akae mwaka mzima akifundishwa vile vile alivyofundishwa akashindwa. Jumatatu tunakwenda kwa mwalimu wake, mimi na baba mtu. Hatuendi kugombana. Tunakwenda na kile kitabu na kiganja changu, tumwoneshe mwalimu kile nilichokiona.

Nawe mwenye mtoto, mdogo au mpwa anayeitwa kilaza, jaribu kuziba maandishi leo usiku, uone.

Nawasilisha.