Pemba Yetu Imo Katika Kijerumani

Kijana wa Pemba akisema anataka kusomea Kijerumani chuo kikuu, jawabu linamngoja barazani, iwe Wete au Chake Chake: "Unataka ukawatembeze wazungu Misali?" Anayemtetea naye huja na hoja ile ile aliyoigeuza nguo: mwacheni, hoteli zinajengwa, Kijerumani kina pesa. Mkejeli na mtetezi wanaamini jambo moja, kwamba lugha ile ni mali ya mgeni na sisi tunaihitaji kwa kumhudumia tu. Imani hiyo ni potofu, na hasara yake ni yetu.

Wasomi nao wanayo, ila wameivalisha historia. Mjerumani, wanasema, alitawala Bara. Unguja na Pemba zilikuwa za Mwingereza. Ndiyo maana wenzetu wa Bara wanasema shule, neno walilolipata kwa Mjerumani, na sisi tunasema skuli. Sawa. Lakini kwa Mwingereza tulifikaje? Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, mataifa hayo mawili yalitia saini mkataba ambao ndani yake Pemba imetajwa kwa jina. Ujerumani ilikubali visiwa vyetu viwe chini ya himaya ya Uingereza, na katika mkataba huo huo ikapewa Helgoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Mchuma karafuu wa Pemba hakuulizwa, wala mvuvi. Maneno ya Mwingereza juu ya siku ile tunaweza kuyasoma wenyewe, kwa kuwa lugha yake tumefundishwa. Ya Mjerumani tunasimuliwa.

Mwaka 1899 kilichapishwa Leipzig kitabu kizima juu ya kisiwa cha Pemba na visiwa vidogo vinavyokizunguka. Mwandishi wake ni Oscar Baumann, Mwaustria aliyekuwa konsuli wa nchi yake Unguja, naye alikuwa keshaandika juu ya Mafia na juu ya Unguja. Kitabu kinatuhusu sisi, ardhi yetu, miji yetu, na kimeandikwa Kijerumani. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, kumbukumbu zake alizozitoa mwaka 1886 nazo aliziandika kwa Kijerumani. Wengi wetu tumezijua kwa Kiingereza. Mtoto wa nyumba hii anatueleza mambo ya nyumba hii, nasi tunamsikia kwa kinywa cha mtu wa tatu!

Wajerumani wao hawakufanya hivyo. Walipofungua chuo chao cha lugha za Mashariki mjini Berlin mwaka 1887, walichukua watu wa kwetu wakawafundishe Kiswahili, akiwemo Amur bin Nasur kutoka Unguja. Mpaka leo Kiswahili kinasomwa Bayreuth na Leipzig. Mwanafunzi wa kule anaweza kuja Micheweni, akaketi na bibi mzee na kumuuliza mambo ya ngoma na unyago bila mkalimani. Wetu wangapi wanaweza kuketi maktaba ya Leipzig wakafanya vivyo hivyo? Na hili haliwezi kuitwa ndoto, maana Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano, mzaliwa wa Pemba wa mwaka 1947, shahada yake ya uzamivu aliipata Leipzig na akafundisha Bayreuth miaka mingi.

Mzazi aliyeuza karafuu kulipa ada ana haki ya kuuliza kazi iko wapi, na simdharau hata kidogo. Namwambia hivi: mwanao akiweza kumsoma Baumann, kumpeleka mgeni msitu wa Ngezi hakutamshinda. Aliyefundishwa kumpeleka mgeni Ngezi tu, Baumann hatamweza.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa ni kwa wanaopanga masomo. Kozi inayoishia kwenye salamu, bei ya chumba na njia ya ufukweni haistahili kuitwa elimu ya chuo kikuu. Nairobi, Kenyatta na Makerere Kijerumani kinasomwa kwa shahada. Kwa nini Mzanzibari aridhike na pungufu? Mwanafunzi asome fasihi ya Wajerumani, aijue historia yao, vita vyao na mgawanyiko wao, kwani Ujerumani Mashariki ndiyo iliyotusaidia kujenga maghorofa ya Michenzani. Afundishwe pia Kurrent, mwandiko wa mkono wa zama zile, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi asipofundishwa. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mwendo wa boti tu kutoka hapa.

Nataka kijana mmoja wa Mkoani akifungue kile kitabu cha 1899, ayasome majina ya mahali petu kama mgeni yule alivyoyasikia na kuyaandika, kisha ashike njia kwenda Pujini kuwauliza wazee lipi alilipatia na lipi alilikosea.