Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa EPRA: Tunahitaji orodha ya chaja tunayoweza kuiamini

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA),
Nairobi.

Mheshimiwa,

Kila tarehe 14 ya mwezi ofisi yako hutangaza bei za juu zaidi za petroli, dizeli na mafuta ya taa, mji kwa mji, na usiku haujaisha kila dereva kutoka Mombasa hadi Mandera anajua atakacholipa kuanzia kesho yake. Ofisi hiyohiyo hupima mafuta vituoni na kuchapisha majina ya vituo vilivyokutwa vikiuza mafuta yaliyochanganywa. Mwenye gari la petroli anapoingia kituoni, ana dola nyuma yake. Mimi naendesha gari la umeme hapa Nairobi, na kuna swali moja jepesi ambalo sijawahi kulipatia jibu la kutegemea: chaja ya umma iliyo karibu nami iko wapi, na je, leo inafanya kazi?

Ramani zipo, tena si moja. Kampuni zenye chaja zina programu zao za simu, na kila programu huonyesha chaja za mwenyewe tu, hivyo dereva analazimika kujaza simu yake programu kadhaa ili avuke jiji moja. Halafu kuna za kimataifa, kama PlugShare na Open Charge Map, ambazo hutegemea zaidi madereva wenyewe kuandika walichokikuta. Nawashukuru wanaozijaza, wanafanya kazi ya bure kwa manufaa ya watu wasiowajua. Lakini utaratibu huo unafaa Oslo au California, ambako chaja moja hutembelewa na magari mengi kwa siku, na kosa likiingia asubuhi kuna mtu atakayelirekebisha kabla ya jioni. Kwetu magari bado ni machache. Chaja iliyoharibika inaweza kukaa miezi kwenye ramani ikiwa na alama ya kijani. Hakuna aliyekusudia kudanganya, ila tangu iharibike hakuna aliyefika pale akaandika. Hii ndiyo sababu nasema soko changa linahitaji sajili ya umma kuliko soko lililokomaa. Tumezoea kuambiwa kinyume chake, kwamba tusubiri magari yawe mengi kwanza.

Nimekuta chaja iliyo nyuma ya lango linalofungwa Jumamosi mchana. Nimekuta nyingine ambayo askari aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba ni ya wapangaji wa jengo hilo, ilhali ramani iliiita ya umma. Nyingine ilikuwa imewaka taa zote, lakini malipo yalikwama njiani, na namba ya msaada iliyobandikwa ubavuni haikupokelewa. Katika visa hivi vyote mtambo wenyewe ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni habari: saa za kufungua, nani anaruhusiwa kuingia, analipa vipi, anampigia nani akikwama. Katika biashara nzima ya kuchaji magari hakuna kitu cha gharama ndogo kuliko habari hizo, na ndizo tulizonyimwa.

Hata chaja iliyo wazi na nzima inaweza isikufae. Kenya tunaagiza magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, na mengi hutoka Japani. Nissan Leaf iliyotoka Japani huchajiwa kwa kasi kupitia plagi ya CHAdeMO, na polepole kupitia Type 1. Magari ya soko la Ulaya siku hizi hutumia CCS2 na Type 2. Yanayoletwa kutoka soko la ndani la China huja na GB/T. Plagi hizi haziingiliani. Halafu kuna nguvu ya chaja: betri ya uniti 40 huhitaji kama saa sita kwenye chaja ya kilowati 7, na takriban saa moja kufika asilimia 80 kwenye chaja ya kilowati 50. Alama moja ya stima kwenye ramani haimwambii mtu lolote kati ya haya. Anayekwenda kazini na kuacha gari likichaji mchana kutwa, na anayesafiri na watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma, wanatafuta vitu viwili tofauti.

Tazama barabara ya Mombasa. Ni takriban kilomita 480. Leaf yenye betri ya uniti 40 ilipimwa na serikali ya Marekani ikiwa mpya na kupewa umbali wa kama kilomita 243. Gari lililotumika miaka saba halifiki huko tena. Hivyo dereva lazima achaji njiani, na mwenye busara atachaji zaidi ya mara moja. Kurudi ni kugumu kuliko kwenda, kwa maana Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na gari linalopanda hula stima nyingi kuliko linaloteremka. Sasa mtu amefika Mtito Andei jioni, betri imebaki asilimia kumi, na chaja aliyoionyeshwa haifanyi kazi. Mwenye petroli angeendelea hadi kituo cha mbele, au angemtuma kijana wa bodaboda na jerikeni. Stima haibebwi kwa jerikeni. Na mbele yake, hadi Voi, barabara inapita katikati ya mbuga za Tsavo.

Wengi ninaozungumza nao wanaotaka kununua gari la umeme hawaogopi bei kama wanavyoogopa jioni hiyo. Wanajua stima yetu nyingi hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Wanajua kuendesha kwa stima ni nafuu. Wanachouliza ni kama watafika. Hofu hiyo haiondolewi na tangazo la televisheni. Huondolewa na habari sahihi, iliyothibitishwa, yenye tarehe.

Nisiwasahau wa bodaboda, maana ndio wengi. Pikipiki ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya usafiri wa umeme nchini, na nyingi hubadilishiwa betri kituoni badala ya kuchajiwa. Kazi hiyo huchukua dakika chache, mradi kituo kiwe na betri iliyojaa. Kikikosa, mwendeshaji hukaa akisubiri huku abiria wakichukuliwa na wenzake wa petroli. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine, kwa hivyo hawezi hata kwenda ng'ambo ya barabara. Kwake yeye orodha inayosema tu kituo kiko wapi haina faida. Anahitaji kujua ni cha betri gani, na kama saa hii kuna iliyojaa. Wanaoandika sera kuhusu magari haya mara nyingi hufikiria mtu aliye kwenye maegesho ya jumba la maduka. Naomba sajili ianze na yule aliye kwenye stendi ya bodaboda, kwa sababu saa moja aliyoipoteza ni chakula cha nyumbani kwake.

Kuna nchi zilizotangulia, nasi tunaweza kujifunza bila kulipia makosa yao. Uingereza ilikaa na sajili ya kitaifa ya chaja kwa zaidi ya miaka kumi, lakini wenye chaja hawakubanwa kuisasisha, ikazeeka, na Novemba 2024 ikafungwa. Mahali pake zikashika kanuni za mwaka 2023: wenye chaja wanatakiwa kutoa data zao wazi kwa yeyote, kuonyesha bei kwa kila uniti, kuwa na namba ya msaada ya bure saa 24, na mitandao ya chaja za kasi lazima iwe inafanya kazi kwa wastani wa asilimia 99 ya muda kwa mwaka. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 10,000 kwa chaja moja. Norwei ilichagua njia ya hifadhidata ya umma, NOBIL, ambayo mtengeneza ramani yeyote anaweza kuchota humo. Njia hizi mbili hazifanani, ila katika zote habari za chaja zimehesabiwa kuwa mali ya umma.

Somo lililo muhimu kuliko yote, kwa maoni yangu, limetoka California. Mwaka 2022 watafiti walizunguka eneo la ghuba ya San Francisco wakazijaribu chaja za kasi za umma kwa mikono yao, plagi 657, na wakakuta asilimia 72.5 tu ndizo zilizofanya kazi. Hilo lilitokea katika jimbo lenye magari mengi ya umeme na kampuni tajiri. Ndiyo maana siombi orodha ya mahali chaja zilipowekwa tu. Naomba orodha inayosema ni lini mara ya mwisho gari lilichaji pale likafaulu.

Jambo hili linawezekana bila gharama kubwa. Chaja nyingi za kisasa huongea na kompyuta ya mwenyewe kwa itifaki iitwayo OCPP, zikitoa taarifa kwamba ziko huru, zina gari, au zina hitilafu. Habari hizo tayari ziko mikononi mwa kampuni. Zinakosa mlango wa kutokea. Lakini chaja inaweza kujitangaza kuwa huru huku waya wake umekatwa au mfumo wa malipo umekufa. Taarifa yake peke yake haitoshi, na hapo ndipo tarehe na saa ya mara ya mwisho iliyofaulu inapokuwa ushahidi. Chaja ya mjini isiyouza hata uniti moja kwa wiki mbili inastahili kutembelewa na mkaguzi wako, kama wanavyotembelewa wenye pampu. Na stima ikipotea, sajili iseme stima imepotea. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi yote iliingia gizani. Si haki mwenye chaja aandikiwe kosa la gridi, wala si haki dereva aachwe bila kujua kipi ni kipi.

Uwezo wa kuwabana wenye chaja unao, Mheshimiwa. Mwaka 2023 Mamlaka ilitoa mwongozo wa miundombinu ya kuchaji magari ya umeme na kubadilisha betri, na mwaka huohuo ikaidhinisha bei maalumu ya stima kwa usafiri wa umeme: msingi wa shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa ambazo matumizi ya stima yako chini, kabla ya kodi na tozo nyingine. Nilifurahia hatua zote mbili. Bei hiyo ni nafuu iliyopitishwa kwa idhini ya umma, na Kenya Power inaijua kila mita iliyosajiliwa chini yake. Basi iwekwe sharti: anayeuzia umma stima ya bei hiyo atoe kwa Mamlaka, bila malipo na kwa muundo ambao kompyuta yoyote inausoma, mahali hasa chaja ilipo, aina ya plagi, nguvu yake, saa za kufunguliwa, nani anaruhusiwa, bei ya mwisho anayotoza, njia za kulipa zikiwemo M-Pesa, na hali ya chaja wakati huo. Akikaidi, arudishwe kwenye bei ya kawaida ya biashara. Hapo hatahitaji kukumbushwa.

Najua wengine watasema hizi ni siri za biashara. Bei iliyoandikwa kwenye pampu ya petroli si siri, na hakuna kituo kilichofilisika kwa kuionyesha. Wala sitaki habari za dereva yeyote, alichaji lini au alikwenda wapi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iendelee kumlinda. Wengine watapendekeza Mamlaka itengeneze programu yake ya simu. Nakusihi usianzie hapo. Programu huzinduliwa kwa sherehe, kisha hukosekana wa kuitunza. Fungueni data, muusimamie usahihi wake, na vijana wetu wanaojua kuandika programu watatengeneza ramani nzuri kuliko tunazoweza kuzifikiria leo, hata moja ya ujumbe mfupi kwa mwenye simu ya kawaida.

Naomba muanze na barabara ya Nairobi hadi Mombasa, kabla ya likizo ya Desemba, wakati familia nyingi huteremka pwani. Mkaguzi mmoja aende kila chaja ya umma kutoka Athi River hadi Mariakani, achomeke gari, aone stima ikiingia, aandike tarehe. Chapisheni alichokiona hata kama ni kidogo na cha kuaibisha.

Pamoja na ombi hilo, kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nipewe orodha ya vituo vyote vya umma vya kuchaji magari na kubadilisha betri ambavyo Mamlaka inavijua, pamoja na tarehe ya mwisho kila kimoja kilipokaguliwa. Pale ambapo hakujafanyika ukaguzi, naomba iandikwe hivyo. Sheria inawapa siku 21 za kunijibu. Jibu lenu lichapishwe kwenye tovuti ya Mamlaka, ili asiyeandika barua naye alisome.

Wako mwaminifu,
Mwenye gari la umeme, Nairobi